Padri hayupo, ibada ipo: Walei wanaobeba makanisa ya Kitui na Makueni

Wengi wetu huku mjini humkumbuka katekista wakati wa mazishi tu. Lakini mtu huyu hufunzwa nini? Anaruhusiwa kufanya nini? Na kwa nini kanisa la mashambani haliwezi kusimama bila yeye?

UKIINGIA katika kanisa dogo la mashambani huko Mutomo, Tseikuru au Kathonzweni Jumapili ya kawaida, yaelekea hutamkuta padri wala kasisi. Utamkuta mkulima wa ndengu, mwalimu mstaafu au mama mwenye duka sokoni. Huyo ndiye atakayefungua ibada, atakayesimamia masomo na kuyafafanua kwa Kikamba, atakayewaombea wagonjwa na hatimaye kutangaza siku ya kwenda kuchimba silanga. Padri atafika zamu ya kanisa hilo itakapowadia. Huenda ikawa mara moja kwa mwezi, na huenda muda ukapita zaidi ya hapo.

Mgeni kutoka Nairobi huweza kudhani kwamba ameingia siku mbaya, kwamba mwenye kazi amepatwa na dharura. Sivyo. Hivyo ndivyo kanisa la Ukambani linavyoendeshwa wiki baada ya wiki, na ndivyo lilivyoendeshwa tangu enzi za babu zetu.

Sababu si ngumu kuielewa. Kaunti ya Kitui ina ukubwa wa kilomita mraba zaidi ya 30,000. Hiyo ni ardhi inayoizidi nchi nzima ya Rwanda. Katika sensa ya mwaka 2019 walihesabiwa humo watu 1,136,187, wengi wao wakiwa wametawanyika katika vijiji vilivyo mbalimbali. Makueni ni ndogo zaidi, kilomita mraba zipatazo 8,000, lakini ilikuwa na watu 987,653. Parokia moja inaweza kuwa na vigango kumi na zaidi, yaani makanisa madogo yaliyo chini yake, na gari likawa moja. Ni kweli kwamba lami ya barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui imepunguza taabu ya safari. Hata hivyo, ukishaiacha lami hiyo unaingia kwenye mchanga na makorongo. Mito kama Tiva huwa mikavu sehemu kubwa ya mwaka, kisha mvua ikinyesha hufurika na kukata njia kabisa.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Padri akikwama ng'ambo ya mto, waumini hawarudi nyumbani. Mlei anasimama.

Mlei ni nani?

Mlei ni muumini yeyote ambaye hajapewa daraja takatifu la ushemasi, upadri au uaskofu. Kila dhehebu lina majina yake. Wakatoliki wana katekista, mwenyekiti wa kigango na viongozi wa Jumuiya Ndogondogo za Kikristo. Waanglikana wana msomaji wa kanisa, anayepewa leseni na askofu wake. Africa Inland Church, ambalo lina mizizi mirefu sana Ukambani, lina wazee wa kanisa na wainjilisti. Majina ni tofauti lakini mzigo unafanana: kuwaweka watu pamoja, kuwafundisha na kuwazika.

Walikuwapo tangu mwanzo

Historia ya Ukristo katika sehemu hizi huelezwa mara nyingi kana kwamba ni historia ya wazungu peke yao. Tunaambiwa kwamba Johann Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka 1849 na kukutana na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara, na kwamba mwaka uliofuata Injili ya Marko ilichapishwa kwa Kikamba. Tunaambiwa pia kwamba Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alifungua kituo cha kwanza cha misheni hiyo huko Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka 1895. Walutheri wa Kijerumani nao walikuwa Ikutha na Mulango kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza kuwaondoa, na Mulango ikaingia mikononi mwa Africa Inland Mission.

Yote hayo ni kweli. Lakini hebu tutazame upande wa pili. Scott alifariki Desemba 1896, mwaka mmoja tu baada ya kufika Nzaui. Wageni walikufa kwa homa, wengine walirudi kwao na wengine walifukuzwa na vita. Neno halingeweza kuenea kutoka kijiji hadi kijiji kama lisingekuwa na wenyeji wa kulibeba, vijana waliojifunza kusoma kwenye kituo cha misheni kisha wakarudi kwao kuanzisha shule chini ya mti. Asubuhi mtu huyo alifundisha herufi, jioni akafundisha sala, na Jumapili akaongoza ibada. Ndiyo maana hadi leo wazee wengi humwita kiongozi wa kanisa "mwalimu", hata kama hajawahi kushika chaki.

Hali ilikuwa hiyo hiyo kote Afrika Mashariki. Katika kijiji cha Paimol, kaskazini mwa Uganda, vijana wawili makatekista, Daudi Okelo na Jildo Irwa, waliuawa mwaka 1918 kwa sababu ya kazi yao ya kufundisha. Walikuwa mbali na padri yeyote. Papa Yohane Paulo wa Pili aliwatangaza wenye heri mwaka 2002.

Kwa upande wa Wakatoliki, Kitui ilitengwa kuwa eneo la kimisheni linalojitegemea mwaka 1956 na kukabidhiwa Wamisionari wa Mtakatifu Patrisi kutoka Kiltegan, Ireland. Askofu William Dunne wa shirika hilo aliiongoza hadi 1995, ndipo Boniface Lele akateuliwa kumrithi. Mwaka huo huo wa 1995 Waanglikana nao walipata dayosisi ya Kitui, na askofu wake wa kwanza akawa Benjamin Nzimbi, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana la Kenya kuanzia 2002 hadi 2009. Makueni, iliyokuwa chini ya Jimbo Katoliki la Machakos, ilipata jimbo lake la Wote Julai 2023. Askofu kuwa karibu ni jambo jema. Lakini jimbo jipya halileti mapadri wapya kwa siku moja, kwa hivyo mzigo wa mlei bado uko palepale.

Anafunzwa nini?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Zamani ilitosha mtu awe na tabia njema, ajue kusoma na awe na sauti ya kuimba. Siku hizi haitoshi. Waumini wenyewe wamesoma, vijana wana simu mkononi, na redio za Kikamba huleta wahubiri wa kila aina hadi jikoni. Kiongozi asiyejua anachokisema ataaibika mbele ya watoto.

Mafunzo ya walei kwa kawaida hugusa mambo haya. Kwanza ni Biblia: si kukariri aya tu, bali kujua kila kitabu kiliandikwa kwa ajili ya nani na kwa sababu gani. Pili ni mafundisho ya imani na sakramenti, maana ndiye anayewaandaa watoto na watu wazima kwa ubatizo, komunyo ya kwanza na kipaimara. Tatu ni liturujia, yaani mpangilio wa ibada na kalenda ya kanisa. Nne ni namna ya kuwatembelea wagonjwa, kupatanisha wanandoa na kuwafariji waliofiwa. Tano, na hili husahauliwa sana, ni kutunza daftari na fedha. Kanisa ambalo sadaka yake haina hesabu huvunjika upesi kuliko kanisa lisilo na paa.

Jambo moja la kuzingatiwa ni lugha. Vitabu vingi vya teolojia vimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali ibada itaendeshwa kwa Kikamba. Kazi ya kulivusha neno kutoka lugha moja hadi nyingine humwangukia huyu mtu wa kijijini.

Hakuna aliyeonyesha ugumu wa kazi hiyo vizuri kuliko marehemu Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui. Katika utafiti wake wa shahada ya udaktari huko Cambridge, uliochapishwa kuwa kitabu mwaka 1971, alichunguza jinsi Wakamba walivyoyapokea mahubiri ya wamisionari kuhusu mwisho wa dunia na maisha ya mbinguni. Aligundua kwamba watu walikuwa wameyachukua mafumbo ya Biblia neno kwa neno, wakisubiri mambo yatokee karibu sana, kwa sababu namna yao ya kuufikiria wakati ilikuwa tofauti na ile ya mhubiri. Mhubiri alisema jambo moja, msikilizaji akasikia jingine. Mbiti hakuliacha hapo. Katika uzee wake alikaa na maandiko ya Kigiriki akalitafsiri Agano Jipya lote kwa Kikamba, na kazi hiyo ikatoka mwaka 2014, miaka mitano kabla ya kifo chake.

Funzo kwa walei ni wazi: kusoma aya kwa sauti si kufundisha. Lazima mtu ajue wasikilizaji wake wanaelewa nini.

Mipaka ya kazi

Migogoro mingi ya vigangoni huzuka kwa sababu watu hawajui mipaka. Kuna katekista anayejifanya padri, na kuna waumini wanaomdharau katekista hata pale anapofanya kazi iliyo yake halali. Tuyaweke mambo wazi.

Katika Kanisa Katoliki, mlei aliyeruhusiwa anaweza kuongoza Ibada ya Neno Jumapili padri anapokosekana. Roma ilitoa mwongozo wa ibada hizo mwaka 1988. Akipewa idhini anaweza pia kugawa Komunyo iliyokwisha kuwekwa wakfu, kuwapelekea wagonjwa nyumbani, na kuongoza mazishi. Hawezi kuadhimisha Misa, hawezi kuungamisha, wala hawezi kutoa Mpako wa Wagonjwa. Ubatizo ni kazi ya padri au shemasi, ingawa katekista anaweza kupewa jukumu hilo na askofu. Tena pana jambo ambalo kila familia ingefaa kulijua: mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote mwenye nia njema anaweza kumbatiza kwa kummiminia maji na kutaja Utatu Mtakatifu. Ubatizo huo ni halali.

Msomaji wa Kianglikana huongoza sala za asubuhi na jioni, huhubiri na huzika. Lakini Meza ya Bwana na kufungisha ndoa humsubiri kasisi. Katika Africa Inland Church, mzee wa kanisa huhubiri na kusimamia mambo ya kila siku, ila ubatizo na Meza ya Bwana ni vya mchungaji.

Kwa miaka mingi kazi ya katekista katika Kanisa Katoliki ilitegemea barua ya paroko tu. Mei 2021 Papa Fransisko aliifanya kuwa huduma rasmi ya Kanisa, inayotolewa na askofu katika ibada maalumu. Januari ya mwaka huo huo alikuwa amefungua huduma rasmi za usomaji na utumishi wa altare kwa wanawake. Kwa Ukambani hilo si jambo dogo. Ukienda kwenye jumuiya yoyote utawakuta akina mama ndio wengi, ndio wanaokuja mapema na ndio wanaofagia kanisa. Sasa hakuna sababu ya kumwambia mama aliyefunzwa vizuri kwamba kazi yake ni kufagia tu.

Shule inayomfuata mkulima

Utamfunzaje mtu mwenye mbuzi wa kuchunga na watoto wa kusomesha? Ukimpeleka chuoni miaka miwili, shamba litakufa. Na akirudi, huenda hatarudi kijijini bali atatafuta kazi mjini.

Ndipo ikaja njia ya elimu ya teolojia kwa masafa. Ilianzia Guatemala mwaka 1963, pale chuo kimoja cha Wapresbiteri kilipogundua kwamba wanafunzi wake wengi hawarudi kuhudumia makanisa ya mashambani walikotoka. Wakaamua kuugeuza mpango: badala ya mwanafunzi kukifuata chuo, chuo kimfuate mwanafunzi. Mtu husoma kitabu chake nyumbani, hujibu maswali, kisha mara moja kwa wiki hukutana na wenzake na mwalimu kujadili walichosoma. Jumapili huenda kukitumia papo hapo. Njia hii ilienea Afrika katika miaka ya 1970, na makanisa kadhaa ya Kenya yaliichukua.

Wakatoliki kwa upande wao walipitia kwenye jumuiya. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya miaka ya 1970, waliamua kwamba Jumuiya Ndogondogo ndizo zitakazokuwa msingi wa Kanisa. Familia chache za jirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao na kutafakari Injili, nyingi zikifuata mwongozo wa hatua saba uliotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Kwa Mkamba hili halikuwa geni sana. Utui, yaani ujirani, na mwethya, yaani kazi ya kusaidiana, vilikuwapo kabla ya kanisa. Anayejua kuitisha mwethya ameshajifunza nusu ya uongozi.

Kozi za siku chache nazo zina kalenda yake, na mwenye kuiandika kalenda hiyo ni mvua. Ukambani hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba. Ukiitisha semina Novemba utafundisha viti. Msimu wa mavuno ukipita, mtu ana nafasi, na ghala likiwa na kitu anaweza hata kuchangia debe la mahindi na maharagwe ya kupikia isyo ya washiriki. Mwaka wa ukame mambo hubadilika. Wazee bado wanaukumbuka mwaka 1984, njaa ya "Nikwa Ngwete", ninakufa nikiwa na pesa mkononi, maana chakula hakikuwapo hata cha kununua. Nyakati kama hizo kiongozi wa kanisa hugeuka kuwa mwandishi wa orodha ya wenye njaa. Kazi hiyo inahitaji uadilifu kuliko mahubiri yote, kwa sababu jina la shangazi yake linaweza kuwa la kwanza au la mwisho.

Posho na heshima

La kusikitisha ni kwamba watu hawa aghalabu hufanya kazi kwa posho ndogo au bila malipo yoyote. Mwalimu wa shule ana mshahara, chifu ana mshahara, lakini katekista anaamshwa usiku kwenda kumwombea mgonjwa na asubuhi anatarajiwa shambani kama wengine. Anaombwa awe na Biblia, vitabu, nguo nadhifu, baiskeli na simu yenye salio. Nani anavinunua? Mara nyingi ni mkewe, kwa pesa za kuku. Katekista akikata tamaa na kuacha, miaka yote ya mafunzo huenda naye.

Hatari ya kiongozi asiyefunzwa

Pengine kuna anayeuliza: kwani kuna ubaya gani mtu akihubiri kwa kadiri Roho anavyomwongoza? Jibu liko Shakahola. Mwaka 2023 katika msitu huo wa Kaunti ya Kilifi, maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa, nyingi zikiwa za watu waliosemekana kuhimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Walikuwemo watoto wengi. Aya za Biblia zilitumika, na wasikilizaji hawakuwa na mtu karibu wa kuwaonyesha kwamba zimepindwa.

Mwanzoni mwa 2016 serikali ilikuwa imependekeza kanuni za kuwataka wahubiri wawe na cheti cha teolojia. Makanisa mengi yalipinga, na kanuni hizo zikawekwa kando. Mjadala wa iwapo serikali ifanye kazi hiyo ni mrefu. Lakini jambo moja halina ubishi: kanisa lenye viongozi wengi waliofunzwa, wanaosahihishana na wanaotoa hesabu kwa askofu, kwa mchungaji na kwa waumini, si rahisi kutekwa na mtu mmoja mwenye ndoto zake. Mlei aliyefunzwa kijijini ndiye ukuta wa kwanza.

Na sisi wa mjini?

Msomaji, yawezekana unaishi Umoja, Kayole au Athi River, na nyumbani ni Mwingi au Makindu. Huenda huendi kanisani huko ila Krismasi. Siku utakapofiwa utampigia simu padri, naye atakuuliza jumuiya yenu ni ipi na kiongozi wenu ni nani. Familia nyingi za mjini hubabaika hapo. Wengine huona wanaonewa wanapoambiwa marehemu hajulikani kigangoni. Lakini hebu fikiria: yule katekista atasema nini juu ya mtu ambaye hakuwahi kumwona?

Yapo mambo tunayoweza kufanya bila gharama kubwa. Jiandikishe katika jumuiya, huku mjini na kule nyumbani. Ukienda likizo, msalimie kiongozi wa kigango na umuulize anasoma kitabu gani na amepungukiwa na nini. Kikundi cha watu wa kijiji kimoja walioko Nairobi kinaweza kulipa karo ya kozi ya mtu mmoja kila mwaka, au kununua vitabu kwa darasa zima la jioni. Kina mama wa kigango wakimpendekeza mwenzao kwa mafunzo, tusiwe wa kwanza kuuliza mumewe anasemaje. Nanyi wanafunzi mlio likizoni, mnajua kutumia kompyuta na kutunza hesabu. Jitoleeni kulipanga daftari la kigango. Wapo watoto wa komunyo ya kwanza ambao majina yao yamepotea kwa sababu panya walikula daftari.

Tena tuwe na subira na mahubiri yao. Yule mzee anayesoma polepole akifuata mstari kwa kidole amesoma kwa taa ya koroboi usiku kucha ili usimwone amekosea. Ukiona vyaelea, vimeundwa.